Fundi msasa wa Dengmeng na jeneza la pili la Bibi Yin

Pan Dexing anavaa soksi mkononi kabla hata ya kunywa chai. Ni soksi nyembamba ya nailoni, ya mkewe, iliyotoboka kisigino. Anainama juu ya ubao mrefu wa mwerezi uliolazwa kwenye vigogo viwili na kuupitisha mkono kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa.

Katikati ya ubao, uzi wa soksi unanasa.

"Umeona?" anasema. "Jicho limesema safi. Kiganja nacho kimesema safi, lakini kiganja changu kimeota sugu, hakisikii kitu tena. Soksi haidanganyi."

Anafungua bati la biskuti lililojaa karatasi za msasa, zimepangwa kwa namba kama noti za benki. Anapekua, anachomoa kipande cha namba 80, kile chenye chembe kubwa, anakizungushia soli ya ndala iliyokatwa na kuanza kusugua palepale soksi iliponasa. Anafuata nyuzi za mbao, hazikatizi. Kisha anarudia kwa namba 120, halafu 180, mpaka sehemu ile inafanana na jirani zake.

Ubao huu ni kifuniko cha jeneza. Mwenye jeneza yu hai. Amekaa kwenye kigoda hatua chache kutoka hapa, anamenya vitunguu saumu na kumsimamia fundi.

"Usiruke namba, Baba Xiang," anamwambia, akimwita kwa jina la binti yake.

"Siruki, Bibi."

"Jana uliruka."

"Jana nilikwenda kula."

"Ulikwenda na 80, ukarudi na 180. Mimi ni mzee, sijawa kipofu."

Pan anacheka mpaka barakoa yake ya vumbi inamshuka puani.

Mwanamke huyu jina lake ni Shi Naijiao, lakini tangu mjukuu wake wa kwanza, Yin, azaliwe, watu wa Dengmeng wanamwita Bibi Yin. Ana miaka themanini na sita. Jeneza hili ni la pili kuwa lake. La kwanza alilitoa.

Huku Liping, katika milima ya Guizhou, kusini-magharibi mwa China, mtu akishavuka sitini huanza kutafutiwa mbao. Neno jeneza halitajwi mbele ya mwenyewe. Huitwa mbao za maisha marefu, huwekwa chini ya nyumba kando ya kuni na majembe, na kila vuli hupakwa rangi upya. Mzee ambaye mbao zake ziko tayari hulala usingizi mzuri. Ambaye hana, watoto wake husemwa.

Pan, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, hachongi majeneza hayo. Seremala hukata, huunga na kupiga randa. Kazi ya Pan inaanza randa inapokoma na kwisha rangi nyeusi inapokauka. Katika vijiji vya bonde hili watu wanamwita Fundi Msasa, wengine kwa heshima, wengine kwa utani.

"Seremala analifanya jeneza liwepo," anasema. "Mimi nalifanya lishikike. Rangi nyeusi ni kama maji yaliyotulia. Ukikwaruza chini yake, mkwaruzo unauona juu. Ukiacha mwanya, mwanya unauona. Ndiyo maana siku ya rangi ni siku nyepesi. Siku ngumu ni hizi za msasa."

Ugumu wenyewe, anasema, uko katika kuchagua. Watu wengi wanadhani msasa laini zaidi ndio bora zaidi, kwa hiyo wanatamani mbao isuguliwe mpaka ing'ae kama kioo kabla ya kupakwa kitu. Pan anatikisa kichwa.

"Mbao mbichi ya rangi, yaani ambayo haijapakwa kitu, mimi naishia 180. Nikizidi sana ni 240, tena kwenye vichwa vya mbao tu, pale ilipokatwa, kwa sababu pale inakunywa mafuta kama ngamia. Ukiipeleka 600, umeziba vinyweleo. Mafuta hayapati pa kuingilia, yanakaa juu kama mgeni asiyekaribishwa. Msimu mmoja wa mvua, yanabanduka."

Namba za juu anaziweka kwa ajili ya baadaye. Mkono wa kwanza wa rangi ukikauka, anapita na 320 kwa wepesi, kama anafuta vumbi. Mkono wa pili, anapita na 400 iliyoloweshwa maji. Wa tatu haugusi.

Haya alijifunza katika miaka yake ya nguvu. Alipokuwa kijana alikwenda Foshan, mji wa viwanda ulio mbali kusini, na mkewe, Wu Peilan, wakafanya kazi kwenye kiwanda cha samani. Yeye alikuwa kwenye mstari wa msasa, mkewe kwenye mstari wa kufunga makochi. Binti yao, Xiang, alibaki Dengmeng na mama yake Pan. Mwaka wa mwisho kiwandani Pan alikuwa analipwa yuani elfu nne na mia sita kwa mwezi.

"Nililainisha meza za kulia chakula maelfu," anasema. "Simjui hata mmoja aliyekula juu yake."

Alirudi kijijini kwa ajili ya Mwaka Mpya, akakuta mama yake ameanguka na nyonga haimbebi tena. Hakurudi Foshan. Siku moja, akitafuta kuni chini ya nyumba, aliyaona majani makavu juu ya mbao za maisha marefu za mama yake, akayapangusa kwa mkono, na rangi ikatoka pamoja na majani. Ilikuwa imebanduka vipande vipande.

"Nilisimama pale muda mrefu," anakumbuka. "Nilifikiria zile meza zote. Nikasema, mimi huyu, mama yangu alale kwenye kitu kama hiki."

Aliikwangua rangi yote ya zamani, akaanza upya. Mama yake aliishi miaka mingine miwili, na alipofariki, wanaume waliombeba kupanda mlimani walishangaa bega halichomwi na chochote. Mmoja wao alirudi wiki ileile kumuuliza Pan bei.

Sasa anatoza yuani mia saba kwa jeneza moja, pamoja na rangi. Mwaka mzuri anapata majeneza thelathini hivi, na miezi ya mvua hapati kabisa. Kuna mpunga, kuna bata, kuna samaki wa kwenye mashamba ya mpunga. "Tunashiba," anasema mkewe, ambaye hapa anaitwa Mama Xiang. "Kinachonikera ni vumbi. Ninafunika mtungi wa samaki wa kuchacha, tunaowachachusha kwa chumvi, ninaufunika tena, bado tukifungua tunakula mwerezi."

Jeneza la kwanza la Bibi Yin lilikuwa miongoni mwa kazi za mwanzo za Pan, na kwa maelezo ya waliolishika, lilikuwa zuri kuliko yote kijijini. Bibi mwenyewe alikuwa akishuka ngazi kila siku ya soko kwenda kulitazama, akilipangusa kwa kitambaa, na wageni wakija alikuwa na njia yake ya kuwapitisha upande ule bila kuonekana kuwa amekusudia.

Nyumba inayofuata, ukuta kwa ukuta, alikuwa anaishi Bibi Qun. Wanawake hawa wawili waliolewa na ndugu wawili, Bibi Yin kwa mkubwa, Bibi Qun kwa mdogo. Walizeeka pamoja, wakafiwa na waume zao, na kwa miaka mingi hawakuwa wanasemezana. Chanzo kilikuwa mfereji wa maji unaoingia mashamba yao. Kila mmoja alikuwa na hakika kuwa mwenzake hufungua tuta usiku.

"Alikuwa anafungua," anasema Bibi Yin mpaka leo.

Bibi Qun hakuwa na mbao za maisha marefu. Alikuwa na miti yake ya mierezi, aliyoipanda mwenyewe nyuma ya nyumba, na mtoto wake wa kiume, Yang Guangping, anayeitwa Baba Qun, alikuwa amemwahidi kuikata. Lakini Baba Qun ni fundi ujenzi, hukaa mbali miezi mingi, na kila mwaka alikuwa akisema mwakani.

Mwezi wa pili mwaka huu, asubuhi moja yenye barafu, Bibi Qun alitoka kuwapa bata chakula, akaketi kwenye ngazi, na hakuinuka tena.

Barabara ya kwenda mjini ilikuwa imefungwa kwa barafu. Hakuna gari lililoweza kuleta jeneza. Baba Qun, ambaye bahati ilimkuta nyumbani, alikuwa ameketi kando ya mama yake, wanawake wa ukoo wakimwosha marehemu, na wazee nje wakiulizana kwa sauti ya chini nani ana mbao za akiba. Ndipo Bibi Yin akatokea mlangoni. Hakuwahi kuukanyaga mlango ule tangu ugomvi.

"Chukueni langu," alisema.

Baba Qun aliinuka. "Mama mkubwa, hapana. Hilo ni lako."

"Ninajua ni la nani. Nimeuliza?"

"Na wewe je?"

"Mimi leo sijafa. Chukueni kabla sijabadili mawazo."

Pan alikuwa mmoja wa wanaume waliolitoa chini ya nyumba. Anasema Bibi Yin alisimama kwenye ngazi akilitazama likipita, na walipofika usawa wake, alinyoosha mkono akaligusa pembeni, mara moja, halafu akaingia ndani kuwasha moto.

Mwandishi wa simulizi hii alimuuliza Bibi Yin kwa nini alilitoa kwa mtu ambaye hawakuwa wakisalimiana. Aliendelea kumenya vitunguu.

"Nilimnunia," alisema. "Sikumchukia. Tulikuja hapa tukiwa wasichana, yeye ana miaka kumi na saba. Usiku wa kwanza alilia, akaja kulala kwangu. Sasa alale kwenye ubao mtupu, na langu lipo pale limekaa? Ningemtazama vipi tukikutana?"

Baba Qun hakurudi kazini. Siku chache baada ya mazishi alichukua shoka akapanda nyuma ya nyumba, akaikata miti ya mama yake ili amlipe Bibi Yin jeneza lingine. Seremala alipasua mbao, akaziunga, na mwezi wa sita Baba Qun alimwita Pan kuja kupiga msasa.

Pan alizungushia soli yake karatasi mpya ya namba 80, akasugua mara kadhaa, akageuza karatasi kuitazama. Ilikuwa imejaa.

"Mbao kavu, vumbi lake linapeperuka," anaeleza. "Hili lilikuwa linajiviringa kama tambi, linanata kwenye msasa. Nikajaribu upande wa pili. Vilevile. Nikaweka shavu. Baridi. Ile mbao ilikuwa bado na maji ndani."

Mti uliokatwa mwezi wa pili hauwezi kukauka mwezi wa sita, hasa katika bonde lenye mvua kama hili. Rangi juu yake ingefanya malengelenge, na viungo vingeachia. Pan alimwambia hivyo.

"Kaka, piga tu," Baba Qun alimjibu. Hakumtazama. "Piga juujuu, paka rangi, mengine tutaona."

"Siwezi."

"Unaweza. Hutaki."

"Haya, sitaki. Unataka nimpe bibi kitu kitakachopasuka?"

"Nataka niwe na kitu chini ya nyumba yake. Unajua watu wanavyonitazama? Nikipita darajani wanakokaa wazee, wananyamaza. Mama yangu amelala kwenye mali ya mtu, na mwenye mali anatembea hana kitu. Wewe hilo halikuhusu."

"Linanihusu," Pan alisema, akakusanya karatasi zake akaondoka.

Anakiri kuwa usiku huo hakula vizuri. Ubishi huo ulisikika kijiji kizima, na si wote waliokuwa upande wake. Baadhi ya watu walisema Fundi Msasa amejifanya mkubwa, kwamba babu zetu walipaka rangi mbao za kila aina na wakazikwa salama.

Kisha mwezi wa saba Bibi Yin akapata homa. Ilianza kama mafua, ikashuka kifuani. Mtoto wake, anayefanya kazi Zhejiang, mkoa wa mbali wa pwani, alipiga simu kila jioni. Alitaka kununua jeneza lililokwisha kutengenezwa mjini, liletwe na lori kesho yake. Mama yake aliichukua simu kutoka kwa muuguzi wa kijiji.

"Yale wanayapuliza rangi kama pikipiki," alimwambia. "Silitaki."

"Mama, kama litatokea la kutokea?"

"Basi litokee nikiwa kwenye mkeka. Nimeshasema nasubiri mbao za Naiqiu." Naiqiu ni jina la usichana la Bibi Qun. Hakuna aliyemsikia akilitamka kwa miaka.

"Hizo siku ndizo ziliniumiza," anasema Pan. "Nilikuwa na uhakika na mbao. Lakini nilikuwa nawaza, huyu mama akiondoka leo, mimi ndiye niliyemfanya aondoke hana kitu. Uhakika wangu utamsaidia nini?"

Alifanya jambo moja aliloweza. Alikwenda nyumbani kwa Baba Qun, bila kumwomba ruhusa, akaanza kulifungua jeneza ubao kwa ubao. Baba Qun alitoka akamkuta. Walitazamana. Pan akasema, "Shika upande ule." Baba Qun akashika.

Walizihamishia mbao ghalani kwenye upepo na kivuli, wakaweka vijiti vyembamba kati ya ubao na ubao ili hewa ipite. Kila asubuhi walizigeuza pamoja. Mwanzoni hawakuwa wakiongea. Baadaye Baba Qun alianza kuja na chai ya mafuta, ile ya kuwekwa mchele wa kukaanga, kwenye chupa, na bakuli mbili. Kila baada ya siku chache Pan alichagua kona moja ambayo haitaonekana, akaisugua kidogo kwa namba 80 na kuigeuza karatasi. Baba Qun alikuwa anasimama nyuma yake akichungulia.

"Bado," Pan alikuwa akisema.

Ikafika siku ambayo haikuwa bado. Alisugua, vumbi likainuka kwenye mwanga wa mlango, jepesi, lenye harufu kali ya mwerezi, likatua kwenye nywele za Baba Qun. Baba Qun alijishika kichwa akatazama vidole vyake.

"Ndiyo?" aliuliza.

"Ndiyo."

Walikwenda wote wawili kumwambia Bibi Yin. Homa ilikuwa imemtoka, alikuwa ameketi kitandani anakunywa uji wa mchele. Aliwasikiliza.

"Basi ngojeni nipate miguu," alisema. "Nataka kushuka kulisimamia. Nyie wawili mkiachwa peke yenu mtagombana."

Ndivyo ilivyokuwa hadi leo, mpunga umekwishavunwa, bata wanazurura kwenye mashamba matupu, na Bibi Yin ameketi na vitunguu vyake. Seremala ameziunga upya mbao. Pan amemaliza nje na sasa anataka kifuniko kikawekwe juu yake.

"Na ndani?" anauliza Bibi.

"Ndani tayari. Nimepita na 120."

"Nje umeishia ngapi?"

"180. Vichwani 240."

"Kwa nini nje mia na themanini, ndani mia na ishirini?"

Pan anaitoa barakoa. "Bibi, ndani hakupakwi rangi. Hakuna anayeona ndani."

"Mimi nitakuwa wapi?"

Fundi anachungulia ndani ya jeneza.

"Nje ni kwa ajili yenu, mnaobeba," anasema Bibi Yin. "Ndani ndiko nitakakolala. Wewe godoro lako unalifua upande wa nje tu?"

Baba Qun, aliyekuwa amekuja kuwasaidia kubeba kifuniko, anageuka ukutani ili asicheke mbele ya mkubwa wake.

Pan anaingia. Anaingia kweli, anapiga magoti ndani ya jeneza, soksi mkononi, na anaanza upya kuta za ndani, 120 kuondoa alama alizoacha, kisha 180. Halafu analowesha kitambaa kwa maji na kuipangusa mbao yote. Mwandishi anamuuliza kwa nini anailowesha mbao iliyochukua miezi yote ile kukauka.

"Ni unyevu wa juu tu, saa moja umekwenda," sauti yake inatoka ndani. "Mbao ikiguswa na maji inaota manyoya. Afadhali yaote sasa nikiwa na msasa mkononi kuliko yaote nimeshapaka. Yakiota, napita na 240 mara moja, nyepesi, yanakatika, hayarudi. Halafu naipa mafuta ya tung, yale ya mbegu za mti, yanayokamuliwa hapahapa. Nyeusi siweki. Ndani itabaki rangi ya asali."

"Rangi ya asali," anarudia Bibi Yin, kama anayeonja. "Sawa."

Mchana Mama Xiang analeta wali wa kunata uliofungwa kwenye majani, pilipili, na samaki wa kuchacha. Wanakula wakiwa wameketi kwenye vigogo. Bibi Yin anamchagulia Baba Qun kipande cha tumbo na kumwekea kwenye wali wake bila kusema neno, na Baba Qun anakila chote.

Kazi ya rangi ilichukua siku kadhaa, kwa sababu Pan haharakishi kati ya mkono na mkono. Tuliporudi Dengmeng, jeneza lilikuwa limesimama ghalani, jeusi, limetulia kiasi kwamba mtu angeweza kuhesabu mapengo ya paa yaliyojiakisi juu yake. Pan alikuwa amelizunguka na tochi, akilimulika kutoka ubavuni, ukaguzi wake wa mwisho. Mwanga wa pembeni, anasema, huonyesha mkwaruzo ambao mwanga wa juu huuficha.

Hakuona kitu. Alizima tochi akamwita Bibi Yin.

Alikuja akiwa amevaa koti lake la sikukuu, lile la buluu iliyokolea. Alilizunguka jeneza mara moja, mkono mmoja ukiligusa. Aliomba kifuniko kisogezwe. Aliingiza mkono ndani mpaka kwapani, akapapasa upande ambao kichwa huwekwa, akainama, akaweka shavu. Baba Qun alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri hukumu.

Bibi aliinuka.

"Lile la kwanza ndani lilikuwa 120," alisema.

"Ndiyo, Bibi," Pan alikubali.

"Kwa hiyo Naiqiu amelala kwenye 120, na mimi nitalala kwenye 240." Alilitazama tena. "Atanuna. Ngoja nifike, atanuna miaka mingine."

Akamgeukia Baba Qun. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda mchezo wa karata.

"Miti ya mama yako ni mizuri," alimwambia. "Alikuwa hajui kuchunga maji, lakini miti alijua. Umenisikia? Sasa rudi kazini kwako. Watoto wako watakula maneno ya darajani?"

Baba Qun aliitikia kwa kichwa. Jioni hiyo wanaume wanane walilibeba mpaka chini ya nyumba ya Bibi Yin, na wazee waliokuwa wameketi darajani waliinuka kumpisha Baba Qun aliyeshika mbele. Mmoja alimuuliza ataondoka lini, na kama atakuwepo Mwaka Mpya. Lilikuwa swali la kawaida. Baba Qun alilijibu kwa kirefu.

Nyumbani kwake, Pan Dexing ana maombi ya majeneza manne kabla ya mwaka kwisha, mawili kutoka kijiji cha ng'ambo ya mto. Yupo tayari kuyafanya. Lakini akiulizwa anatamani nini baada ya hapo, hazungumzii majeneza.

"Kila ninachokilainisha kinakwenda chini ya udongo," anasema, bila huzuni, akikung'uta soksi. "Sawa, ndiyo kazi, na ninaipenda. Na kule Foshan kila nilichokilainisha kilikwenda kwa watu nisiowajua. Humu ndani mwangu hakuna hata kimoja. Xiang akija na watoto tunakula kwa zamu, kimeza chetu kinatosha watu wanne. Kwa hiyo safari hii nataka nitengeneze meza ya duara. Kubwa. Mbao ninazo, zimekauka, nimezijaribu."

"Huu mwaka wa tatu anazijaribu," anasema Mama Xiang kutoka jikoni.

"Mwaka huu ni kweli."

"Na utaisugua mpaka wajukuu wazeeke."

"Naishia 240. Meza ya kulia ikizidi hapo mafuta hayaingii. Supu ikimwagika, inaacha doa, na doa halitoki."

Mama Xiang anatokea mlangoni, anajifuta mikono kwenye aproni, anatazama pale katikati ya chumba ambapo meza itakaa.

"Basi liache," anasema. "Tutajua nani alikaa wapi."